Kupanda Sambamba

Mama yake Mshale hakuwa amekanyaga karakanani kwetu hata siku moja. Kwa hiyo Alhamisi ile, saa mbili na nusu asubuhi, nilipoinua macho kutoka kwenye ringi ya baiskeli niliyokuwa nainyoosha na kumwona amesimama mlangoni, mtandio umekaa upande, ndala za bafuni miguuni, moyo ulinipasuka. Nilijua ni msiba. Kitu gani kingine kingemtoa mama yule nyumbani kwake na ndala za bafuni?

"Yuko hai," alisema kabla sijauliza. Nadhani uso wangu ulishauliza. "Yuko hai, anazunguka nyumba kama mbuzi wa kamba. Acha kutetemeka, keti."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikuja kukaa. Nimekuja kukuomba uje uichukue ile baiskeli."

"Ipi?"

"Ya mashindano, ipi nyingine? Jana nimetoka kidogo kwenda dukani, kurudi namkuta amekaa chini kwenye kona ya kwanza ya mlima. Baiskeli imemlalia miguuni, midomo rangi ya majivu. Mtu mzima na ndevu zake, amekaa mchangani! Nimekaa naye nusu saa ndipo akaweza kusimama. Mwanangu, nimechoka. Ichukue, ivunje, igeuze uzio, mimi nisiione tena."

Nyuma yangu nilisikia baba ameacha kugonga. Baba na mimi tunafanya kazi karakana moja, yeye meza ya nyuma, mimi ya mbele, na masikio yake hayajawahi kuzeeka.

"Nitakuja sasa hivi," nilisema.

"Njoo. Na umuage vizuri." Alikuwa ameshageuka kuondoka. "Maana Jumamosi anasafiri."

"Anasafiri kwenda wapi?"

Mama alinitazama, kisha akatazama ndala zake. "Hakukwambia? Anakwenda kukaa kwa shangazi yake. Kule ni tambarare, anaweza kutembea. Hapa kila akitoka getini ni mlima. Nilidhani amekwambia."

Hakuniambia.

Miezi mitano ilikuwa imepita tangu Mshale apasuliwe moyo na kuwekewa vali mpya. Kabla ya hapo alikuwa bingwa wa mbio za milimani, mtu ambaye watu walisimama kando ya barabara kumwona akipita, na jina lenyewe la Mshale alipewa na mashabiki. Pete yake ilikuwa kidoleni mwangu mwaka wa pili. Harusi tuliisogeza mara ya kwanza kwa sababu ya homa, mara ya pili kwa sababu ya hospitali, na mara ya tatu yeye mwenyewe alisema tusitaje tarehe kwanza. Tangu hapo nikienda kumwona anajibu "ndiyo" na "hapana" na kutazama dirishani. Nikimshika mkono, anauacha kwangu kama kitu alichokisahau.

Mama alipoondoka, baba alikuja akasimama karibu yangu, anajifuta grisi taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu," alisema, "mtu akikufungulia mlango mwenyewe, hutakiwi kuuliza ufunguo."

"Baba, tafadhali."

"Nasema kwa mapenzi. Kijana nampenda. Lakini sitaki binti yangu awe muuguzi kabla hajawa mke. Anakwenda kwa shangazi yake, mwache aende. Utalia mwezi mmoja, miwili. Nitakuvumilia."

Nilikwenda kwenye kona, nikaliondoa turubai. Chini yake kulikuwa na baiskeli niliyoiunda kwa wiki tatu, kila jioni baada ya wateja: fremu ya kimo cha Mshale, mota ndogo iliyojificha kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, betri iliyolala kwenye bomba la chini kama chupa ya maji. Nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kumpelekea. Sasa sikuwa na siku nzuri wala mbaya, nilikuwa na leo na kesho tu.

"Hiyo?" baba aliguna. "Yule, apande baiskeli ya umeme? Atakutupia hiyo."

"Atupe," nilisema, na nikatoka nayo.

*

Nyumba yao iko shimoni kabisa, bondeni. Ukitoka getini, kushoto mlima, kulia mlima. Zamani Mshale alikuwa akijisifia nafasi ile. Alisema kila asubuhi anaamka katikati ya mazoezi. Sasa bonde lile lilikuwa limemfunga mikono. Daktari alisema, na mimi nilikuwepo siku hiyo ya kliniki, kwamba atembee, apande baiskeli polepole, mwili unahitaji mazoezi kuliko dawa, ila mapigo ya moyo yasipite mia na ishirini. Nani anapanda mlima ule bila kupita mia na ishirini? Hatua hamsini tu na saa yake ya kupimia mapigo, aliyopewa hospitali, inaanza kulia.

Nilimkuta barazani. Hakuwa amekaa. Alikuwa anatembea kutoka mlango wa jikoni hadi ukutani, anageuka, anarudi, mikono mfukoni. Alikuwa amekonda, mashati yote yamekuwa ya mtu mwingine. Lakini macho, jamani, macho yalikuwa yale yale, na yaliponigusa nilisahau nusu ya maneno niliyoyapanga njiani.

"Umekuja kuchukua," alisema.

"Nimekuja kuchukua na kuleta."

Aliitazama baiskeli niliyoishika. Yeye si mtu wa kudanganywa na rangi, aliona kitovu kile kinene mara moja.

"Ina mota."

"Ina mota."

"Umeniletea pikipiki ya wazee."

"Pikipiki haihitaji miguu yako. Hii usipokanyaga haiendi popote. Ukikanyaga, inakuongezea. Ukiacha, na yenyewe inaacha. Unaichagulia ikusaidie kidogo au sana. Mkunga wa zahanati ya juu anayo, miaka hamsini na nne, kila siku anashuka na kupanda mlima huu huu na mkoba wake. Alianza kwa msaada wa juu kabisa, sasa anatumia wa chini. Nguo zote nimeona anazipeleka kwa fundi zipunguzwe."

"Mimi si mkunga."

"Hapana. Mkunga anatoka nyumbani kwake."

Hilo lilimwingia. Alisimama. Mama alitokea jikoni na kikombe mkononi, akaona baiskeli mbili, moja ukutani na moja mikononi mwangu.

"Ala! Mimi nimekuita uondoe moja, umeniongezea ya pili? Na hii ina moto ndani!"

"Ni mota, mama. Si moto."

"Mota, moto, vyote vinaua!"

"Mama, tuache kidogo," alisema Mshale.

"Sikuachi hata kidogo. Nipo hapa hapa." Akakaa kwenye kiti, kikombe magotini, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

Basi nikamuuliza mbele ya mama yake. "Habari za Jumamosi ungeniambia lini?"

"Ningekuandikia."

"Ungeniandikia? Mimi ninayekaa dakika kumi kutoka hapa? Ungeweka na stempu?"

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha. Nauliza kama mtu anayeachwa. Nina haki ya kuuliza."

Alianza kutembea tena, mlango, ukuta, mlango. "Sikuachi. Nakuachilia, ni vitu viwili tofauti. Uliyempenda ni Mshale. Mshale alibaki kwenye ile meza ya upasuaji. Huyu aliyerudi anasimama kupumzika akienda chooni. Utamfanyia nini? Utamwonyesha nani?"

"Nani amekwambia nilimpenda Mshale?"

Alisimama.

"Mshale walimpenda wale wa kando ya barabara," nilisema, na sauti yangu ilikuwa imeshaanza kupanda, sikuweza kuizuia. "Mimi unajua nilimwona wapi huyo Mshale? Kwa nyuma! Miaka mitatu, kila Jumapili, tunatoka pamoja. Pamoja kwa jina! Ukifika kona ya tatu mimi bado natafuta ya kwanza. Nikiwa na jambo la kukwambia, naliambia vumbi lako. Naujua mgongo wako kuliko uso wako, naijua mishono yote ya fulana zako. Unanisubiri juu umeshapumzika, mimi ndio nafika ulimi nje, na wewe unasema, 'Haya, twende.' Hujawahi kupanda na mimi hata siku moja. Hata moja!"

Mama alikunywa chai yake kwa sauti.

"Hukuwahi kuniambia," alisema Mshale polepole.

"Ningekwambia saa ngapi? Ulikuwa mbele."

Nilidhani atacheka. Alipauka kwa hasira. Alinijia, akainyakua baiskeli mikononi mwangu.

"Lete. Lete nikuonyeshe kuwa ni takataka, kisha uondoke nazo zote mbili."

"We mtoto!" mama aliruka, chai ikamwagika. "Usithubutu!"

Lakini alishatoka getini. Na nilimwona, kwa macho yangu, akibonyeza kidude cha mota. Alikizima.

Mjinga! Baiskeli ile na betri yake ina uzito wa karibu mara tatu ya ile ya mashindano. Kuipandisha mlimani bila mota ni sawa na kubeba mtu mgongoni. Niliivuta ile yake ukutani, nikashusha siti vidole vinne, nikatoka mbio, na nyuma yangu mama anapiga kelele za kuita jirani mwenye pikipiki.

*

Hakuvuka kona ya kwanza. Nilimkuta amesimama kando ya barabara, paji la uso juu ya usukani, mabega yanapanda na kushuka. Saa ya hospitali mkononi mwake ilikuwa inalia. Niliisoma: mia na thelathini na sita.

Nilimshika kiuno, nikamketisha kwenye ukingo wa mtaro, nikakaa kando yake. Magari mawili yalipita. Saa iliacha kulia. Mia na kumi na tisa. Mia na nane.

"Sema basi," alinong'ona. "Sema nimekoma."

"Sina pumzi ya kusema."

Alitazama mikono yake. "Unajua jana nilikuwa nakwenda wapi?"

"Kwa alivyosimulia mama, ulikuwa unajiua."

"Nilikuwa nakuja kwako. Nikuage ana kwa ana, nisiandike barua. Nilitaka nifike nikiwa nimepanda baiskeli, uso mkavu, kama zamani. Nikafika hapa." Alionyesha mchanga mbele yetu. "Mita mia tatu."

Niliumia hadi nikashindwa kumtazama.

"Sikuogopa kufa," aliendelea. "Watu wanadhani naogopa kufa. Naogopa wewe kusubiri. Uwe umelala kando yangu unasubiri isimame. Ina sauti, unajua? Vali. Inagonga. Chumba kikiwa kimya naisikia, tik, tik, najikuta naihesabu. Hata wewe utaisikia."

"Nisikie."

"Nini?"

"Sogea nisikie."

Nilivua kofia yangu, nikaweka sikio kifuani pake, pale pale barabarani, mchana kweupe. Shati lake lilikuwa limelowa jasho. Mwanzoni nilisikia pumzi tu. Kisha nikaisikia, ndogo, kavu, ya chuma. Nimekaa na vyuma tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, najua chuma kinacholalamika na chuma kinachofanya kazi yake. Nilisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mkono wake ulikuja ukatulia kwenye nywele zangu, na safari hii haukuwa umesahauliwa.

"Inagonga sawasawa," nilisema. "Kama mnyororo uliopakwa mafuta vizuri. Ningeweza kulala usingizi mzito na sauti hii."

"Usinidanganye."

"Mimi ni fundi. Sidanganyi kuhusu vyuma."

Hapo ndipo alipocheka. Kicheko kifupi, chenye kutu, lakini miezi mitano sikuwa nimekisikia. Tulikaa hadi saa ikasema themanini na nane. Kisha nikasimama, nikabonyeza kidude, taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye usukani.

"Msaada wa tatu," nilisema. "Unakanyaga kama unayekwenda dukani kununua chumvi. Saa ikifika mia na kumi na tano, unaongeza msaada. Ukiona aibu, unashuka na kumpelekea shangazi yako aibu hiyo."

Alipanda. Alikanyaga mara moja, mbili, na nikaona mgongo wake unashtuka, kama mtu aliyesukumwa na rafiki asiyemwona.

"Eh!" alisema. "Eh, eh!"

"Kanyaga!"

"Nakanyaga! Inanisukuma!"

Nami nilipanda, nikaanza kumfuata. Nilitegemea kumwona akipotea mbele, kama ada. Alikwenda mita ishirini, akageuza kichwa, akapunguza msaada, akanisubiri bila kusimama hadi nikamfikia. Magurudumu ya mbele yakawa sawa. Goti langu na goti lake yakawa yanapanda na kushuka pamoja.

Tukapita kona ya kwanza hivyo. Tukapita ya pili.

Na alizungumza! Jamani, mwanaume yule alizungumza. Miezi mitano ya "ndiyo" na "hapana" ilimtoka yote kwenye mlima ule. Alinisimulia habari za mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa akiimba akipigwa sindano. Alinieleza jinsi anavyoweza kwenda kliniki mwenyewe sasa, sokoni, karakanani kwetu, na kwamba kuna vijana wa mbio wanaohitaji mtu wa kuwafundisha, na mtu huyo anaweza kwenda kando yao akiwasemesha njia nzima. Aliniuliza kama kweli naijua mishono ya fulana zake. Miguu inamuuma, alisema, inauma vizuri, alikuwa amesahau maumivu yale. Jasho lilimtiririka shingoni, jasho la kazi, si la ugonjwa. Saa: mia na sita. Kona ya tatu: mia na tisa.

Mimi je? Mimi nilikuwa kwenye baiskeli yake ya mashindano, gia za bingwa, mlima ule ule. Nilikuwa nakufa.

"Mbona hujibu?" aliuliza.

Nilitikisa kichwa.

"Umekasirika?"

"Pu... mzi," nilisema.

Tulifika juu. Nilijitupa kwenye majani, chali, mikono huku na miguu kule. Ndipo pikipiki ya jirani ikatokea ikinguruma, mama nyuma amemng'ang'ania dereva, mtandio unapepea, ndala moja tu mguuni. Aliruka chini. Alimtazama mwanawe aliyesimama wima, mashavu yana damu, mkono kiunoni. Kisha akanitazama mimi.

"Haya," alisema. "Mgonjwa ni yupi hapa?"

Dereva alicheka hadi akazima pikipiki. Mama hakucheka. Alimkamata mwanawe mkono, akasoma saa, akaigonga kwa kidole kana kwamba imekwama, akasoma tena.

"Mia na tano? Mlima wote huu?"

"Mlima wote, mama."

"Na hukusukuma?"

"Nimekanyaga mwenyewe. Inasaidia tu."

Alimpapasa shavu, akampapasa kifua, akakaa taratibu kwenye jiwe. "Na shangazi yako? Nimeshamwambia atandike kitanda."

"Nitakwenda Jumamosi," alisema Mshale, na mimi majanini nikafumba macho. "Nitarudi Jumapili. Nitakwenda kumwambia tarehe."

"Tarehe gani?"

Mshale alikuja akapiga goti kwenye majani kando yangu, akazuia jua kwa kichwa chake. Uso huo. Nilikuwa nao mbele yangu, karibu, hakuna vumbi kati yetu.

"Fundi," alisema. "Nilikuachilia bila kukuuliza, nilikosea. Sasa nakuuliza. Mwezi ujao. Sina mbio tena, sina vikombe vipya vya kukuletea. Nina hiki kinachogonga humu ndani, na sijui kitagonga miaka mingapi. Utanikubali?"

Nilitaka kujibu. Mungu ni shahidi, nilitaka. Lakini pumzi haikuwepo. Nilifungua mdomo, kikatoka kikohozi. Saa mkononi mwake ikaanza kulia.

"Mia na ishirini na mbili!" mama aliruka kutoka kwenye jiwe. "Na amepiga magoti tu! We binti, mjibu! Mjibu upesi kabla hujaniulia mtoto!"

"Ndiyo," nilikohoa. "Ndiyo, mama. Ndiyo."

"Usiniambie mimi, mwambie yeye!"

Nilimwambia yeye. Nilimwambia kwa kumvuta shati, na mama akageukia barabara ghafla, akaanza kumuuliza dereva habari za watoto wake.

*

Nilishuka peke yangu kwenda karakanani, maana kulikuwa na jambo lililobaki, na lilikuwa langu. Furaha haikunituliza hata kidogo. Baba simfahamu kwa maneno mengi, namfahamu kwa kunyamaza kwake, na kunyamaza kwake kunaweza kuchukua mwaka.

Nilimkuta ameinama juu ya ringi niliyoiacha, anaimalizia. Aliniona nina majani kwenye nywele.

"Baba," nilisema. "Haendi kwa shangazi yake kukaa. Ni mwezi ujao. Nimemkubali."

Alizungusha ringi. Aliitazama ikizunguka, akaisimamisha kwa kidole gumba, akakaza spoki moja robo tu, akaizungusha tena. Nilisimama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Ameipanda ile ya umeme?"

"Ameipanda. Hadi juu."

"Alizima mota kwanza?"

"Alizima."

"Nilijua." Akazungusha ringi mara nyingine. Ilikuwa imenyooka kabisa, hata mimi niliona, lakini hakuiacha. "Kupanda si tabu. Tabu ni kushuka. Uzito ule, mlima ule. Breki umezikagua?"

"Mara mbili, baba."

Alitoa ringi kwenye stendi, akaitundika ukutani, akachukua kitambaa chake na kuanza kujifuta, kidole kimoja kimoja.

"Mwambie ailete kesho," alisema. "Nitazikagua mwenyewe."